Maswali Yaliyoshuka Ukutani

Bujumbura, Buyenzi
14 Februari 2025

Kwako Shangazi yangu mpendwa, Bi. Biasha,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu makubwa kwamba barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na Baba Ismaili, na kwamba mawese ya msimu huu yametoka mekundu na mazito kama unavyoyapenda. Sisi huku Buyenzi hatujambo. Mama kifua kimepoa kidogo na anakusalimu kwa dhati. Mdogo wangu Abdul ameanza mwaka wa pili chuoni na amekonda kwa kusoma, au kwa kutokupika, bado tunachunguza. Familia ya Abdoulkarim imetuma tena mtu kuhusu ile posa yangu. Wanataka wazee wakutane baada ya Idi, na Mama amewajibu kwamba bila dada wa marehemu baba yangu hakuna kikao kitakachofunguliwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu Jumamosi. Sylvestre, dereva wa basi la Rumonge, amekubali kukufikishia barua hii siku atakayopata mafuta ya gari.

Napenda kukujulisha, kwa unyenyekevu, kwamba mafunzo niliyoyatoa mbele ya ushirika wenu wa mawese, yenye kichwa "Kulinda Siri Zako Unapovinjari Mtandao", yamepokelewa vizuri na shirika ninalofanyia staji, yaani mafunzo ya kazi. Mkuu wangu, Bwana Fabiano, ameandika katika ripoti kwamba nina uwezo wa kusimama mbele ya hadhira. Mungu akijalia, staji hii itageuka kontra, mkataba wa ajira ya kudumu, kufikia mwezi wa saba.

Katikati ya somo kulitokea hitilafu ndogo ya kiufundi, ambayo huenda umeisikia ikisimuliwa kwa kutiwa chumvi. Isikusumbue hata kidogo. Mashine ndivyo zilivyo. Nasikitika tu kwamba tuliondoka kwa haraka na sikupata nafasi ya kuingia jikoni kukuaga. Mukeke wa ziwani uliotukaangia ulikuwa mtamu sana; Bwana Fabiano aliusifu njia nzima.

Wako mtiifu,
Kaoutar, mwenye shahada ya informatiki


Rumonge
26 Februari 2025

Kaoutar,

Amahoro. Barua yako imefika. Sisi tuko. Mama yako mpe pole ya kifua, anywe mchaichai na tangawizi, aache kulala dirisha wazi.

Telefone yangu haikuharibika. Nimeizima, nimeifunga katika kitambaa, na Sylvestre atakupa. Wewe ndiwe uliyeileta, irudi kwako. Ukitaka kuniandikia, andika kwenye karatasi, na bahasha uibandike gundi pande zote.

Mukeke mliuacha nusu sahani.

Ramadhani njema.

Shangazi yako,
Biasha


Bujumbura, Buyenzi
4 Machi 2025

Kwako Shangazi yangu mheshimiwa,

Assalaam alaikum. Ramadhani karimu. Tunaendelea na funga vizuri; Mama amekatazwa na daktari lakini anafunga kwa siri, na sote tunajifanya hatujui. Abdul anakuomba dua ya mitihani.

Simu imenifikia ikiwa ndani ya kile kitambaa cha maua, na nilipokifungua sikujua niiweke wapi. Nimeona ni wajibu wangu, kama mtu aliyesomea mambo haya, kukueleza kwa utaratibu yaliyotokea.

Utakumbuka kwamba nilipokuletea simu hiyo ilidai akaunti. Kufungua akaunti mpya kulihitaji muda, namba na uvumilivu, nami nilikuwa na haraka ya kurudi chuoni. Kwa hiyo nikaiweka akaunti yangu. Nilikwisha kufanya hivyo katika simu ya Mama na ya Abdul, kama wafanyavyo jamaa wengi hapa mjini: anayejua simu huwafungulia wengine wote mlango mmoja. Nilijivunia hata. Picha ulizopiga Rumonge siku ya Idi zilionekana Buyenzi kabla hujamaliza kuzicheka. Ambacho sikukitia maanani ni kwamba, pamoja na picha, kila swali lililoulizwa katika simu moja liliwekwa akibani kwa wote.

Siku ile ukumbini nilikusudia kuwaonyesha akina mama jinsi mtandao unavyokumbuka mambo yao. Projekta ilikuwa inaangaza ukuta mzima. Nikagusa kisanduku cha kutafutia, na kabla sijaandika herufi moja, maswali yakashuka ukutani kwa herufi kubwa kama tangazo la ofisi ya komini. La kwanza liliuliza dawa ya mume aliyepungukiwa nguvu. La pili liliuliza mke afanye nini ikiwa mume analala kila usiku amempa mgongo. Ukumbi ulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nilifunga kompyuta upesi, lakini kwa bahati mbaya ikajulikana kwamba maswali hayo yalitoka kwako.

Nimekwisha kubadilisha nenosiri. Nakuhakikishia kwamba jambo kama hili haliwezi kutokea tena.

Kuhusu maswali yenyewe, Shangazi, mimi si mtu wa kumhukumu yeyote. Kila ndoa ina majira yake. Ikiwa Baba Ismaili anahitaji kumwona mtaalamu, hapa Bujumbura wapo madaktari wenye busara wasiouliza mengi, nami niko tayari kumpangia miadi kwa jina lingine.

Wako mtiifu,
Kaoutar


Rumonge
3 Aprili 2025

Kaoutar, mtoto wa kaka yangu,

Amahoro. Idi imepita. Nilipika pilau ya watu wawili kwa mazoea, nikawagawia majirani. Ng'ombe wa Mzee Tadeo amezaa. Mvua ilibomoa ukuta wa choo chetu, umeshajengwa. Murakoze kwa tende ulizotuma.

Sikukujibu mwezi mzima. Mtu aliyefunga hafai kuandika yale niliyotaka kuyaandika.

Kikao cha posa yako sitakuja. Mwambie mama yako atafute mwanamke mwingine wa kukaa upande wetu. Tangu mwezi wa pili hakuna mama aliyeniletea mwari nimfunde. Wewe unajua kazi yangu hapa mtaani: msichana akikaribia kuolewa, mimi ndimi somo wake, ndimi ninayemweleza mambo ya nyumba na ya mume. Sasa wanaulizana ni mambo gani huyu mwanamke anaweza kufundisha, ikiwa ya kwake anayaombea shauri kwenye telefone. Wasichana niliowafunda mwenyewe tunakutana sokoni, wanatazama viatu vyao.

Hilo ningelibeba. La mume wangu Ismaili iko zito zaidi.

Yeye unamjua, kutwa yuko mwaloni anatengeneza mashine za mitumbwi. Wavuvi wakaanza kumwita kwa kicheko. Mmoja akamwambia, "Fundi, mashine za watu zinawaka mara moja, ya kwako imekushinda?" Siku ya kwanza alicheka pamoja nao. Siku ya pili alirudi nyumbani mapema, akanawa mafuta mikononi, akakaa.

Akaniambia, "Biasha, lile swali ni la nani?"

Nikamjibu kwamba si letu.

"Hilo nalijua kuliko wewe. Nauliza ni la nani."

Nikanyamaza. Akasubiri sana, Kaoutar, mtu huyu si wa haraka. Halafu akasema, "Ukinyamaza, basi ni langu."

Siku ya tatu ya mfungo alichukua sanduku lake la vyombo akaenda Gitaza, kwa mtoto wa ndugu yake. Anatengeneza mashine huko. Mwezi mzima nimefuturu peke yangu, na sijui kama atarudi.

Sasa nakuuliza neno moja. Umeandika kwamba "ikajulikana". Mimi nilikuwa jikoni, nakaanga samaki wa mkuu wako, lakini nimeuliza walioona. Ukutani hapakuwa na jina langu. Evangelina, prezida wetu wa ushirika, ameniambia jambo nikakataa kumwamini, nikamwambia kwamba wewe nimekulea mimi likizo zako zote. Nangoja kulisikia kwako.

Nani alitaja jina?

Biasha


Bujumbura, Buyenzi
10 Aprili 2025

Shangazi,

Assalaam alaikum. Mama hajambo. Sijui habari nyingine.

Ni mimi.

Kicheko kilipopungua, Bwana Fabiano, aliyekuwa amesimama karibu na projekta na kamera yake, aliniuliza mbele ya wote, "Mademoiselle, hayo ni ya nani?" Nilikuwa nimevaa lile koti la bluu nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Niliona uso wake ukibadilika, nikaiona kontra yangu ikiondoka, na nikaona jinsi akina mama wanavyonitazama, msichana asiye na mume. Nikajibu, "Si yangu. Ni ya shangazi yangu Biasha, tunatumia akaunti moja." Nililisema kwa sauti ya kueleweka, kama mtu anayejibu swali la mtihani. Bwana Fabiano akatabasamu, akasema huo ni mfano mzuri sana, niendelee. Nami nikaendelea, Shangazi. Nilifundisha saa nzima baada ya hapo. Nilisikia mafuta yakichemka jikoni kwako ng'ambo ya ua.

Katika barua mbili nimekuandikia habari za mashine. Nilipofika kwenye neno "ikajulikana" kalamu ilisimama, nikajidanganya kwamba natafuta Kiswahili sanifu. Na yale niliyoandika juu ya Baba Ismaili na daktari, nikiyakumbuka natamani ardhi inifunike.

Lakini sikukaa bure. Nimepata njia ya kukusafisha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Umeandika kwamba swali si lenu. Nikafungua kumbukumbu za akaunti, ambako maswali yote yamehifadhiwa pamoja na tarehe zake, nikasoma yote tangu mwaka juzi. Kuna moja linauliza ikiwa damu isipoonekana usiku wa arusi ni ishara ya nini. Kuna jingine linauliza msichana mwenye hofu atulizwe vipi. Hayo hayawezi kuwa ya mwanamke aliyekaa na mumewe miaka thelathini. Ni ya wari wako na ya wanawake wanaokuja kukulilia. Walikuuliza, hukuwa na jibu, ukaiuliza simu ili usiwarudishe mikono mitupu. Hukuuliza kwa ajili yako hata mara moja.

Nimelinganisha tarehe na arusi tulizoalikwa, na nyingine nimezijua. Lile swali la dawa ya mume liliulizwa siku chache tu kabla ya mafunzo. Namkumbuka mwanamke aliyekuwa akitoka kwako siku hiyo nilipofika na mizigo yangu kuandaa mafunzo, na nadhani ulimsindikiza mpaka barabarani. Ukinithibitishia tu kwamba ndiye, nitayachapisha yote kwa utaratibu, nitaweka alama panapohusika, nami mwenyewe nitampelekea Baba Ismaili Gitaza. Akiona kwa macho yake atarudi siku hiyo hiyo. Hata waliokucheka watalazimika kukuomba radhi.

Nijibu haraka, nakuomba. Sylvestre amepata mafuta ya wiki nzima.

Kaoutar


Rumonge
22 Aprili 2025

Kaoutar,

Sina salamu leo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaitia motoni chini ya pipa la mawese, na nikakaa pale mpaka ikaisha. Ile karatasi ilikuwa na mambo ya wasichana wa watu.

Wewe hujapita chumbani kwangu, kwa hiyo nitakuambia. Mwari akija, mama yake mzazi anabaki nje uani. Mimi mwenyewe ninafunga mlango. Tunakaa kwenye mkeka, yeye na mimi, na kwanza ninamwapia mimi, kabla yeye hajasema neno: kwamba atakayoyasema hayatatoka hapo, si kwa mama yake, si kwa mumewe, si kwa mume wangu. Ndipo anafungua mdomo. Na walioolewa zamani wakipata shida wanarudi kwenye mkeka huo huo, kwa kiapo kile kile. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hayo mengine, ya udi na ya liwa, kila mwanamke anayajua.

Sasa sikiliza haya yangu. Mimi niliulizwa, sikujua, nikaiuliza telefone. Nilidhani iko kama ukuta wa chumba, haina mdomo. Nilimwapia mtu na siku hiyo hiyo nikalitoa swali lake nje. Sikujua, lakini ni mkono wangu. Wewe ukifikiri ninaona haya kwa kuchekwa sokoni, hapana. Ninaona haya mbele ya mtu mmoja, ambaye alikuwa amekaa ukumbini siku ile, akaona maneno yake aliyoninong'oneza yameandikwa ukutani, akalazimika kucheka na wenzake asijulikane. Tangu hapo hajaja kwangu, na mimi siwezi kumwendea, watu wangeona.

Ndiyo maana ninanyamaza kwa Ismaili. Nimekwisha kulitoa swali la yule mwanamke mara moja. Sitalitoa mara ya pili ili mimi nipate mtu wa kufuturu naye.

Na wewe mbele ya watu ulitaja jina langu kwa kuogopa uso wa mkuu wako. Sasa unataka kutaja jina la mwingine kwa kuogopa uso wangu. Umesoma mambo ya watu tangu mwaka juzi, ukayapanga kwa tarehe, ukaita hiyo kunisafisha. Somo lako la Jumamosi ulimfundisha nani?

Jina hilo likifika Gitaza, mume wangu atarudi, na mume wa mwenzangu ataondoka. Na yule mume ana ngumi. Sasa unajua zaidi ya nilivyotaka ujue.

Futa. Halafu ndiyo uniandikie.

Biasha


Bujumbura, Buyenzi
30 Aprili 2025

Shangazi,

Assalaam alaikum.

Nimefuta. Nimeanza na ya mwanzo mpaka ya mwisho bila kuyasoma tena, halafu nikaifunga akaunti yenyewe isiwepo kabisa, pamoja na picha zetu zote, na za marehemu baba zimo. Mama alilia kwa ajili ya picha. Sikumweleza sababu, nilimwambia ni uzembe wangu, na huo si uongo. Yeye na Abdul sasa wana akaunti zao, na maneno yao ya siri siyajui.

Yule niliyedhani nimemtambua, sijamtaja kwa mtu na sitamtaja. Nimejaribu kumsahau na siwezi, kwa hiyo nitakaa naye hivyo hivyo.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei shirika litarudi Rumonge kwa somo la pili. Walikuwa wamepanga mwenzangu. Nimeomba niende mimi, na sikueleza kwa nini. Kama hutaki nionekane mtaani kwenu, nitumie neno kwa Sylvestre nami nitabaki. Usiponijibu, nitakwenda.

Kaoutar


Bujumbura, Buyenzi
20 Mei 2025

Shangazi,

Assalaam alaikum. Mama anakusalimu. Sikupata neno kutoka kwako, nikaenda.

Najua kwamba Evangelina na wengine wamekwisha kukusimulia, lakini safari hii nataka usikie kutoka kwangu kwanza, au angalau kutoka kwangu pia.

Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Nadhani walikuja kuona nini kitashuka ukutani. Sikuwasha projekta. Nilisalimu, na kabla sijaanza, mmoja wa mbele akaniuliza kama leo tutasomewa dawa gani, maana mumewe naye ameanza kukoroma. Wakacheka. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njiani tangu tulipopita Kabezi, na hakuna hata moja lililotoka kama nilivyolipanga.

Niliwaambia hivi: "Mwezi wa pili nilikuja kuwafundisha kulinda siri, nikamtaja mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Akaunti ile ilikuwa yangu. Niliiweka mwenyewe katika simu za nyumba mbili, ya mama yangu, ya mdogo wangu, ya shangazi na hii yangu, kwa uvivu, na sikumweleza yeyote hatari yake. Ukutani mliona maswali. Hamkuona simu wala jina. Mimi pia sikuona. Nilipoulizwa ni ya nani, nilikuwa sijui, na jibu la kweli lilikuwa kwamba sijui. Nilimtaja shangazi kwa sababu nilitaka yasiwe yangu. Yeyote katika sisi angeweza kuuliza, na mimi nimo."

Evangelina aliweka miwani yake sawa, unajua anavyofanya, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kigoma, "Hebu tuelewane, binti. Hata wewe?"

Nikasema, "Hata mimi."

Nyuma mtu akauliza, "Na mume hana?" Kicheko kikarudi, safari hii chote kwangu. Nilisimama pale. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kusimama ndani ya kicheko kama ndani ya mvua, asikimbie, na bado akawa na miguu. Mwanamke mmoja hakucheka. Alivuta kitenge chake mpaka mdomoni na kuinamisha kichwa. Nikageuza macho upesi, na somo lote lililobaki nikafundisha nikiutazama upande mwingine wa ukumbi.

Niliwafundisha mambo madogo tu: kila mtu na akaunti yake, jinsi ya kufuta ulichouliza, jinsi ya kufungua dirisha lisiloweka kumbukumbu, na kwamba hata hilo si kaburi. Waliandika. Evangelina ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Njia ya kurudi, karibu na Gitaza, Bwana Fabiano alisema kwamba shirika haliwezi kumweka mtaalamu wa usalama anayekiri hadharani kwamba ukoo mzima unatumia akaunti yake. Ana haki. Staji yangu itaishia mwezi huu na kontra haitakuwepo. Mama yake Abdoulkarim naye alipaswa kuja jana kuchukua kitambaa cha kipimo cha nguo ya arusi. Hakuja, na simu ya Mama hapokei.

Basi letu lilisimama Gitaza kununua dagaa wa ndagala. Nilimwona Baba Ismaili kwa mbali, ameinama juu ya mashine, shati lake la kijani. Nilitaka kushuka. Nikafikiri kwamba nikimwendea nitatafuta maneno, na maneno yangu yamekwisha kumfanyia ya kutosha. Nilibaki kitini nimejiziba uso na ushungi.

Nilipokuwa Rumonge nilipita mbele ya nyumba yako. Mlango ulikuwa wazi nusu na nilisikia ukitwanga kitu. Sikubisha hodi. Siombi unijibu. Nataka tu, siku moja, ukiweza, uniambie kama unanisamehe.

Kaoutar


Rumonge
9 Juni 2025

Kaoutar, mtoto wa kaka yangu,

Amahoro, na Idi njema iliyopita. Mama yako mpe salamu nyingi. Mwambie zile picha asizililie, mimi ninayo moja ya karatasi, kaka amevaa kanzu na wewe umemvuta sikio. Abdul ale. Huku tuko wazima. Mawese yametoka mazuri na pipa la pili tumeliuza lote. Mvua imekata. Ndama wa Mzee Tadeo ameiba na kula mboga zangu na mwenye ndama anasema mtoto hana kosa.

Siku ile nilikuwa natwanga kisamvu. Nilikuona umesimama barabarani. Nilikaza kutwanga.

Sasa mambo ya mtaani. Wiki ya tatu sasa wanakucheka wewe. Wanasema msomi ana haraka kuliko posa. Mimi wameniacha, si kwa heshima, ni kwa sababu hawana hakika tena, na mtu wa kuchekwa wanataka awe na hakika. Kuna mama mmoja ameniletea binti yake. Binti aliacha telefone yake uani, juu ya mapaja ya mama, bila mimi kumwambia. Na kuna mtu mwingine amekuja kuniona. Alikaa kwenye mkeka. Hapo ninaishia.

Mama yake Abdoulkarim alipita hapa, eti anatafuta mawese ya bei nzuri, kumbe anatafuta habari zako. Akaniuliza kama ni kweli binti yetu anauliza mambo yale. Nikamwambia binti yetu akiwa na maswali ataniuliza mimi chumbani, na yeye akiwa na maswali mlango iko wazi kwake pia. Akanunua lita tano akaondoka. Kama ni watu, watarudi. Wasiporudi, umejua mapema. Kikao kikiwepo, nitakaa upande wetu.

Kuhusu kontra nimesikitika. Sitakudanganya kwamba haina maana.

Ismaili alikuja siku ya Idi baada ya swala. Alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nikampa chai. Alizungumza habari za mashine moja ya Kijapani iliyomsumbua, nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba akina mama wa ndagala wamefikisha maneno yako Gitaza.

"Wanasema haijulikani tena ni la nani," akasema.

Nikamjibu, "Haijulikani."

Akanywa chai yake, akaitazama kikombe. Akasema, "Swali lenye jina langu sikuweza kulala nalo nyumba moja. Lisilo na jina naweza."

Sanduku lake la vyombo liko nyuma ya mlango. Mwaloni hapa Rumonge hajarudi; asubuhi anakwenda Gatete, kuna mitumbwi huko pia. Hajauliza tena, na najua anajua kwamba ninajua. Tutakaa hivyo.

Uliniuliza kama ninakusamehe. Sijamaliza, Kaoutar. Kuna siku ninaamka nimemaliza, halafu mchana nasikia mafuta yanachemka na inarudi. Usinihimize.

Lakini wateja wa Bujumbura wananitafuta na sipatikani. Telefone ile iniletee. Usimpe Sylvestre, njoo nayo wewe mwenyewe, ulale hapa siku mbili. Utanifungulia akaunti yenye jina langu, taratibu, unieleze kila tunapogusa tunagusa nini. Na tukifika pale pa kuandika neno la siri, utanipa telefone mkononi, na wewe utatazama barabarani mpaka nikuambie kwamba nimemaliza.

Shangazi yako,
Biasha